Unataka ualimu na unataka kutetea watoto waliosahauliwa? Anza na kaye (daftari)

Wadogo zangu wa Bukavu, hapa kwetu Kongo, wananiulizaka swali moja, hasa mwezi wa 7 na wa 8 wakati wamesha kupata diploma ya Leta (serikali): "Yaya, miye napenda kufundisha, lakini napenda pia kutetea wale watoto hawasome, sasa nianzie wapi, niingie ku darasa ao nitafute kazi mu ONG?" Nimejibu huyu kidogo na yule kidogo, leo naandika yote pamoja vile nimeiona mwenyewe, juu niko na miaka 14 ku tablo na miaka 5 ingine nikizunguka Kabare na Kalehe kutafuta watoto ambao masomo haijawafikia.

Ingia kwanza ku darasa. Najua si jibu watu wanapenda kusikia, juu ONG (shirika lisilo la serikali) iko na mota na mshahara wa dola, na darasa iko na watoto 70 na kre (chaki) moja umeivunja vipande vitatu ili ifike Ijumaa. Lakini mtu anayetaka kusemea watoto na hajawahi kufundisha, direkteri wa kwanza atakayekutana naye atamjua kwa dakika mbili. Atamuuliza tu: hao watoto ukiniletea ishirini mwezi wa 11, niwakalishe wapi, na nani atawafikisha pale wenzao wamefika? Kama haujabeba darasa hauna jibu, na utetezi wako unaishia pale pale ku mlango. Fanya miaka 3 angalau. Miwili ya kwanza utakuwa unajifunza kusimama mbele ya watoto tu, wa tatu ndio unaanza kuona nani hayuko.

Na hiyo "nani hayuko" ndiyo kazi yenyewe, ngoja niwaelezee.

Mwaka wangu wa nne nilikuwa nafundisha mwaka wa kwanza primeri ku kilima kimoja cha Kabare, karibu na pori ya Kahuzi-Biega. Madirisha hayakuwa na vioo, na kila asubuhi kulikuwa binti mmoja inje, labda wa miaka 9, amekalia bido (dumu) ya njano ya maji, mdogo wake ku mgongo. Darasa ikisema ba-be-bi-bo-bu na yeye anasema, pole pole, midomo tu inacheza. Nilidhani anangojea mtu. Wiki ya tatu nikatoka na kre ku mkono nikamuuliza mbona hauingie. Akaniangalia, akasema: "Mwalimu, miye sikuandikwa."

Hakusema hana franga, hakusema amekatazwa. Hakuandikwa. Nikarudi nikafungua rejista, majina 64, nikaona kumbe kila asubuhi naita wale waliopo na kusema nimemaliza, na yule wa dirishani hakuna karatasi hata moja duniani inayojua kama yupo. Jioni nikanunua kaye ndogo, na jina la kwanza mule ndani ni lake. Kaye hiyo ndiyo ilinifanya mtetezi. Semina zilikuja nyuma.

Makaratasi ya kuingilia

Hapa sikawii. Kama bado uko segonderi, chukua pedagojia, diploma yake inatosha kufundisha primeri. Ukitaka kufundisha segonderi nenda ISP, chuo cha kufunza walimu, Bukavu iko nayo, Goma iko nayo, Lubumbashi iko nayo, na ukiweza chagua hesabu ao fizikia juu shule za vijijini ndizo hazipatake mwalimu wa vile. Chuo ingine, ISDR hapa Bukavu, inafundisha maendeleo ya vijijini, ni nzuri kwa mwenye anajua atafika upande wa jamii, ila usiichukue ili kukwepa darasa. Na siku ya kupangiwa staji (mazoezi ya kufundisha), wakati wenzako wote wanaomba Ibanda, mjini, karibu na nyumbani, wewe omba Kabare, omba Kalehe, omba kisiwa cha Idjwi. Mwezi mmoja wa staji Idjwi, ukingojea mtumbwi na mvua imeshika ziwa, utakufundisha kwa nini mwalimu anafikaka saa nne, na hautamhukumu tena.

Franga, tuizungumzie bila haya

Hili ndilo linavunja vijana wengi, na sipendi watu wanaowaambia ualimu ni wito halafu wananyamaza.

Mwalimu mpya mara nyingi anaanza akiwa NU, nouvelle unité, maana yake anafundisha lakini bado hajamekanizwa, Leta haijamweka ku orodha ya malipo. Wengine wako na matrikile (namba ya mwalimu wa Leta) na bado hawalipwe, wale wanaitwa NP, non payé. Inaweza kuchukua mwaka, inaweza kuchukua miaka mingi, mimi ilinichukua sita. Kwa hiyo kabla ya kukubali shule uliza maswali haya uso kwa uso: shule yenyewe imemekanizwa? nafasi yenye mnanipa ni ya mtu aliyetoka ao ni darasa mpya? dosie yangu itapelekwa DINACOPE na nani, na lini? DINACOPE ni ofisi ya Leta inayotayarisha malipo ya walimu, ndiyo ile ya zamani SECOPE, msichanganyikiwe. Uliza pia shule iko chini ya nani, juu tangu ule mkataba wa 1977 kati ya Leta na makanisa shule nyingi za Leta zinasimamiwa na wakatoliki, waprotestanti, wakimbangu ao waislamu, na kila moja iko na ofisi yake ya kusimamia shule, koordinasyo, na utakayemwandikia barua kesho atategemea hapo. Kila karatasi unayotoa bakia na kopi, kila moja. Dosie yangu ilipotea mara mbili ku ofisi moja, na iliyoniokoa ni kopi nilizokuwa nimefunga mu sashe chini ya kitanda.

Wakati unangoja, uwe na kitu cha pembeni, shamba ya maharagi, kushona, kuuza krediti, hakuna aibu ndani. Aibu ni kuuza pwenti (alama), ni kumtuma mtoto wa watu alete mayai ili apite. Ukianza hiyo hautaweza tena kusimama mbele ya mzazi maskini na kumwambia niko upande wako, hata kama hakuna aliyekuona, juu mtoto mwenyewe alikuona.

Tangu mwezi wa 2 mwaka 2025, wakati benki za mji zilifunga milango, kulipwa kumekuwa kugumu zaidi hata kwa wale wenye matrikile, mwalimu anajua mshahara umetoka lakini hajui ataufikia wapi. Nawaambia hivyo ili mtu asiingie amefunga macho. Ingia na mpango wa kula wa miezi sita.

Kaye inafanywaje

Nunua kaye moja ya peke yake, usichanganye na maandalio ya masomo. Chora mistari saba: herufi za kwanza za jina, miaka, alifika darasa gani, aliacha lini, kwa nini, ana akti ya kuzaliwa ao hapana, na nini kingemrudisha. Majina kamili weka ku karatasi ingine, nyumbani, juu kaye inazunguka na watu wanasoma, na kuna mtoto ambaye kujulikana anaishi wapi kunaweza kumletea hatari.

Usiende kugonga mlango wa mtu kama sensa. Kwanza pita kwa shefu wa kijiji, ao shefu wa avenyu kama uko Kadutu ao Bagira, mwambie unatafuta nini na kwa nini, juu usipopita kwake kesho utasikia unaandikisha watoto wa kupeleka jeshini, na hapo umekwisha. Halafu kaa pale watoto wenyewe wanapita. Kwa bomba la maji. Ku soko siku ya soko. Upande wa Kamituga na Nyabibwe, pale wanaosha mchanga wa madini. Ukiongea lugha za huku, Mashi ao Kihavu, milango inafunguka, na kama hauongee jifunze salamu na majina ya familia, ni mwanzo.

Ule mstari wa "kwa nini" ndio utakushangaza. Mimi nilidhani nitaandika franga, franga, franga. Nyumba 38 za kwanza, zilizojibu franga hazikufika nusu. Zingine zilijibu: mto, mvua ikinyesha mtoto havuki. Mdogo wa kulea. Alirudia darasa mara mbili akaona haya ya kukaa na watoto wadogo. Mwalimu alimwita kwa jina la kabila lake kwa kumcheka. Msichana alianza kuona mwezi na ku shule hakuna choo yenye mlango. Mama mmoja aliniambia: "Mwalimu, uyu akienda ku masomo nani atachota maji, weye?" Aliniuliza kwa kweli, alitaka jibu, na jibu lilikuwa kuongea na direkteri ili mtoto aingie saa mbili pamoja na bido yake, aiache ku kona ya darasa, na saa ya kutoka apite bomba. Haikugharimu hata franga mia. Ila usingeijua bila kuuliza, na mradi wa kugawa kaye za bure usingemrudisha yule mtoto.

Sheria yenye utaibeba mu sakosh

Hauhitaji kuwa avoka (wakili). Unahitaji karatasi chache zilizopigwa kopi, na kujua kila moja inasaidia wapi.

Mtoto amefukuzwa primeri juu ya franga: Katiba ya 2006, kifungu 43, inasema masomo ya primeri ni ya lazima na ya bure mu shule za Leta, na hizo za makanisa zenye mkataba ziko ndani. Tangu mwezi wa 9 mwaka 2019 ile gratwite ilianza kutumika nchi mzima. Sheria ya masomo yenyewe ni ya tarehe 11 mwezi wa 2 mwaka 2014. Lakini sikilizeni vizuri, mara nyingi hiyo franga inaombwa juu kuna mwalimu NU mle ndani na watoto wake pia wanalala njaa. Ukienda na Katiba ku mkono ukamvunjia mwenzako heshima mbele ya wazazi, mtoto atarudi darasani na mwalimu ataondoka, na darasa bila mwalimu haimtetei mtu. Fanya yote mawili siku moja: omba mtoto arudi, na omba komite ya wazazi, ile COPA, iandike pamoja nanyi barua ya kudai mekanizasyo ya huyo mwalimu.

Mtoto amekataliwa juu hana akti: sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 mwezi wa 1 mwaka 2009 inatoa siku 90 za kumwandikisha tangu kuzaliwa. Zikipita, inahitajika hukumu ya tribinali, ile watu wanaita sipletifu. Mtoto mmoja mmoja ni gharama na ni safari, kwa hiyo kusanya dosie kumi na tano ao ishirini, uziwasilishe pamoja, na uulize kama tribinali inaweza kushuka kijijini kusikiliza, juu inafanyikaka. Wakati huo omba direkteri amwache mtoto asome huku dosie inatembea. Wengi wanakubali ukiwaomba kwa heshima na ukawaonyesha kopi ya dosie.

Mtoto ni Mtwa: kuna sheria ya tarehe 15 mwezi wa 7 mwaka 2022 ya kulinda na kuendeleza haki za watu wa asili Wapigmi. Mtoto ni mlemavu: kuna ya tarehe 3 mwezi wa 5 mwaka huo huo wa 2022. Maofisa wengi hawajazisoma. Usiwaaibishe kwa hiyo, wape kopi.

Mtoto amekomaa, ana miaka 12 na hajui kusoma: usimlazimishe kukaa na wa miaka 6, mtafutie CRS, santre ya ratrapaje, pale primeri ya miaka 6 inafanywa kwa miaka 3. Nimeona vijana waliotoka mchangani wakimaliza vile na kufika ENAFEP, mtihani wa Leta wa kumaliza primeri.

Barua, na muhuri

Neno la mdomo linakufa ku korido. Andika barua fupi, ukurasa mmoja, Kifaransa cha kawaida, ukisema mambo matatu: watoto wangapi (chukua hesabu mu kaye), kizuizi ni nini, na unaomba kitu gani kimoja. Kimoja! Mwanzoni niliandika barua yenye maombi tisa, nikajibiwa kwamba imepokelewa, na ikaishia hapo. Nyingine niliomba tu ruhusa ya kufungua darasa ya kwanza ku kanisa ya kijiji ili watoto wa ng'ambo ya mto wasivuke, ikakubaliwa mu wiki tatu.

Piga kopi mbili. Moja unaacha, ya pili mtu wa sekreteria anaipiga muhuri, anaandika tarehe na kusaini, unarudi nayo. Bila muhuri haujaandika kitu. Usiruke ngazi: direkteri, halafu koordinasyo ama sudivizyo (ofisi ya masomo ya Leta), halafu divizyo ya mkoa, na kila ukipanda juu umpe kopi yule wa chini ili asidhani umemsengenya. Siku 15 bila jibu, rudi mwenyewe na kopi yako yenye muhuri, usiwe na hasira, uliza tu barua imefikia meza gani. Radio ni ya mwisho. Radio ina nguvu sana hapa kwetu na ndiyo sababu hautumie mapema, ukishamtaja mtu hewani mlango wake umefungwa.

Na siku hizi, vile mambo iko, usivae rangi ya upande wowote. Ongea juu ya mtoto, darasa, choo, mto. Ukiulizwa uko na nani, uko na wale wa kaye.

Usiwasemee watu wenye midomo

Hili nilijifunza vibaya. Nilialikwa ku mkutano mu hoteli ya mji kuongea juu ya watoto wa Kitwa, nikaongea vizuri, watu wakapiga mikono. Nyuma, mama mmoja Mtwa aliyekuwa amekaa karibu na mlango akanijia akasema: "Umesema vizuri mwalimu, lakini miye nilikuwa hapa." Nilinyamaza. Alikuwa ametoka Kabare asubuhi na hakuna aliyempa mikro, na aliyeishika dakika ishirini ni mimi.

Watwa wa pande hizi walitolewa mu pori wakati Kahuzi-Biega ilifanywa parki mu miaka ya 1970, ile parki UNESCO iliiandika ku urithi wa dunia mwaka 1980. Wazee wako bado wanaokumbuka. Mtoto ambaye babu yake alifukuzwa hapo na ambaye darasani wanakataa kukaa naye benchi moja, hahitaji huruma yako, anahitaji mwalimu asiyekubali mchezo huo hata siku moja. Kwa hiyo ukialikwa, uliza kama kuna kiti cha pili na transport ya mtu wa pili, na kama hakuna, mpe huyo mtu kiti chako. Foto ya mtoto usipige bila mzazi kukubali, na usipige akiwa na kamasi na nguo zimepasuka eti wafadhili waguswe. Na kama jamii iko na kijana aliyefika hata darasa ya nane, pigania awe msaidizi wa mwalimu wa mwaka wa kwanza, alipwe hata kidogo. Watoto watamwona mtu wa kwao mbele ya tablo, na hilo mimi siwezi kuwapa hata nikifundisha miaka 40.

Sasa ONG

Ukisha fanya miaka yako, nenda kama unataka, si dhambi, mimi nilienda. Kazi ziko: kufuatilia darasa, kufunza walimu, ulinzi wa mtoto, kuandika rapore. Ku CV usiandike "napenda watoto", andika kazi ya kaye: watoto wangapi uliwahesabu, wangapi walirudi, wangapi walibakia mpaka mwisho wa mwaka, na ulifanya nini. Wenye kuajiri wanasoma karatasi mia zinazofanana na yako haitafanana.

Lakini jua kontra ni ya miezi 6 ama mwaka, na mradi ukiisha gari inaondoka hata kama mtoto yuko katikati ya muhula. Ndiyo maana mimi nimebakia na masaa machache ya kufundisha Jumamosi ku CRS, na ndiyo maana nafanya yote kupitia COPA ya kijiji, juu COPA haina tarehe ya mwisho. Kufungua asbl (shirika lisilo la faida) yako mwenyewe usikimbilie, sheria yake ni ya 2001, inataka stati, makaratasi ya notere, ile karatasi F92 ya wizara ya Justice, na mikutano mingi, na mwaka mzima unaweza kuisha unatafuta mihuri ya shirika huku kaye imelala. Jiunge kwanza na ya wengine.

Kitu kimoja tena juu ya kaye. Kurasa za nyuma uwaachie waliorudi. Andika tarehe ya kurudi, na kila mwisho wa mwezi upitie uulize kama bado wako, juu mtoto aliyerudi mwezi wa 9 anapotea tena mwezi wa 1 maharagi yakiiva. Yule binti wa bido aliingia ku darasa langu, mdogo wake tukamtandikia kitenge chini ya tablo akawa analala pale, na mwezi wa 1 akapotea kweli. Nilimkuta shambani na mama yake. Tukapatana na direkteri aje asubuhi mpaka mapumziko tu, kwa wiki tatu za mavuno, na nikaandika mu kaye: amerudi mara ya pili, tarehe 9 mwezi wa 2. Weka nafasi ya tarehe ya pili, na ya tatu.